Jino Ndani ya Mlango wa Nyuma

Nilipofungua ngozi ya ndani ya mlango wa nyuma, jino la mtu lilidondoka likatua kwenye kiganja changu.

Si jino la mtoto. La mtu mzima, na mzizi wake.

Mwanzo nilidhani kokoto. Nikaligeuza kwenye mwanga. Kokoto haina mzizi wenye damu iliyokauka.

"We Msasa! Umeona nyoka?" Mjomba aliniuliza kutoka upande wa pili wa gari.

"Hapana, mjomba. Skrubu imenidondoka."

Nikafumba mkono.

Pale gereji naitwa Msasa kwa sababu ndiyo kazi yangu: kusugua bati na puti, ule mchanganyiko wa kuzibia mabonde, mpaka liwe laini kama shavu la mtoto. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye fundi bodi na ndiye mwenye gereji. Sifa yake ni moja. Anachukua gari la zamani la milango minne, analigeuza la milango miwili.

Wapenda magari ya zamani wanakufa kwa hilo. Wanasema gari la milango minne ni la baba mwenye watoto, la milango miwili ni la bwana harusi.

Watu wanafikiri ni kuchomelea milango ya nyuma tu, basi. Thubutu! Hao ni matapeli. Mjomba anang'oa milango yote minne. Anakata kipande cha mlango wa nyuma, anakiunga na wa mbele, unatoka mlango mmoja mrefu. Nguzo ya katikati inayoshika paa anaikata na kuirudisha nyuma. Palipobaki wazi anaziba kwa bati, mimi nasugua, na ukipita mkono huwezi kujua kama pale paliwahi kuwa na mlango.

Viti vya mbele navyo vinarekebishwa viweze kukunjika. Aliyekaa nyuma hana tena mlango wake. Ili atoke, lazima kiti cha mbele kikunjwe, na kwa kawaida anayekikunja ni mtu aliye mbele.

Hilo la kiti liwekeni kichwani.

Sasa nirudi kwa mwenye gari.

Tulimwita Marashi, maana harufu yake ilifika kabla yake na ikabaki baada yake. Shati limenyooka, kiatu unaweza kujitazamia. Anaongea polepole kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Siku aliyolileta gari alizunguka na mjomba, mimi nikiwa nimechuchumaa na ndoo yangu ya maji, nawasikia.

"Fundi, nasikia wewe ndiye daktari wa mambo haya."

"Najaribu, mzee."

"Milango ya nyuma sitaki kuiona. Inanisumbua. Huu mmoja kitasa hakishiki. Juzi juzi hapa mzigo ulinidondokea barabarani, gari liko kwenye mwendo."

"Loo, pole. Ulivunjika?"

"Sana tu." Akacheka kidogo. "Lakini uliinuka ukakimbia."

Mjomba akaangua kicheko. "Kumbe mzigo wenyewe mbuzi!"

"Afadhali mbuzi," Marashi akasema. "Mbuzi akipigwa anaelewa."

Mjomba aliendelea kucheka. Mimi nilimtazama yule mtu machoni. Macho hayakuwa yanacheka.

Halafu akaniuliza mimi, "Na viti mnashona hapa hapa? Nani anashona?"

Sijui nini kilinisukuma. "Tunapeleka kwa mzee mmoja, mbali kidogo," nikamjibu.

Mjomba alinitupia jicho, lakini mjomba si mtu wa kukuumbua mbele ya mteja.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na mzee yeyote. Aliyekuwa anashona viti ni dada yangu, na alikuwa nyuma ya ukuta ule ule, kwenye chumba cha uani, na cherehani yake.

Dada alirudi kwetu msimu wa mvua uliopita, alasiri, miguu peku. Kabla ya hapo alikuwa mji mwingine akishona siti, akapata mwanaume huko, tukasikia anaishi naye. Salamu zikapungua, zikakatika.

Aliporudi nusu ya uso ilikuwa imechunika kama bati lililopitiwa na msasa mkavu. Mdomo umevimba. Jino la pembeni halipo.

"Nilianguka bafuni," akasema.

Bafu gani lina lami? Mimi mwenyewe nilimtoa vipande vya lami begani kwa kibano, kimoja kimoja, yeye ameuma kanga.

Jina la mwanaume hakulitaja. Homa ilipompanda ndipo aliporopoka, tena kwa furaha, kama anayesali: "Kitasa hakikushika. Mungu asante, kitasa hakikushika."

Tulimpeleka polisi. Aliyekuwa zamu akauliza, "Ni mume wako?" Dada akavuta kanga akajifunika mdomo. "Basi yamalizeni ndani."

Tangu hapo akajifungia kwenye kazi. Mteja hamwoni. Mimi ndiye nabeba siti kumpelekea na mimi ndiye nazirudisha.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilifumba mkono siku ile. Kitasa kisichoshika. Jino.

Sikumwambia mtu. Mjomba angeshika nyundo, na mmoja wao angekufa. Dada angekimbia tena, na safari hii asingekuwa na pa kukimbilia. Nikalifunga jino kwenye kitambaa, nikalitia kwenye kopo la puti lililoisha. Nikajiambia: Msasa, kazi yako sasa ni moja. Huyu mtu achukue gari lake aondoke bila kujua nani yuko nyuma ya ukuta.

Siti nikazibeba mwenyewe hadi chumba cha uani.

Dada alipitisha vidole chini ya mshono wa kiti cha dereva. Vidole vikasimama.

"Mwenye gari yupo?"

"Ameondoka."

"Weka hapo."

Alifunga mlango, cherehani ikanguruma. Nikashukuru kwamba hakujua kitu.

Marashi akawa anakuja kuangalia kazi. Kila akija nachungulia uani kama mlango umefungwa, halafu narudi kwenye msasa wangu na sikio limesimama.

Siku mjomba alipokuwa anapachika ule mlango mrefu upande wa dereva, Marashi alisimama karibu yake. Mjomba ameweka mkono kwenye nguzo, anapapasa kama bawaba zimekaa sawa.

"Unabana vizuri?" Marashi akauliza.

"Bado kidogo, mzee, naangalia ha..."

Akaubamiza.

Mlango mrefu ni mzito kuliko wa kawaida. Nilisikia vidole vya mjomba kabla sijamsikia yeye mwenyewe. Vilitoa mlio kama karanga.

Marashi akaufungua polepole. "Samahani, fundi. Nilitaka kujaribu." Akainama akatazama damu kwenye bati, akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akafuta. Bati. Si mkono wa mjomba, bati. "Unabana vizuri sana."

Mjomba ni mtu mzima, nilimwona machozi yanamtoka bila sauti.

"Mfukuze, mjomba," nilimwambia baadaye nikimfunga bendeji. "Arudishiwe gari lake vile lilivyo."

"Gari limekatwa katikati, mwanangu. Ukilitoa hivi linakunjika kama kitabu, linaua mtu. Tumalize tu, aende zake."

Tukamaliza. Mjomba akifanya kazi kwa mkono mmoja, mimi nikiwa mkono wake wa pili.

Siku ya siku ilifika mchana, jua la utosi. Siti zilisharudi ndani ya gari. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, nimelaza shingo, nabandika kitambaa cha dari na gundi. Tulimtegemea Marashi jioni.

Harufu ikaingia kwanza.

"Oooh," akasema. "Bibi harusi amevaa."

Akafungua mlango wa dereva, akakaa. Akapapasa usukani. Akapapasa kiti, mshono wa pembeni, akashuka nao taratibu hadi chini, kwenye uvungu wa kiti ambako hakuna anayeangaliaga.

Mkono wake ukasimama pale pale ulipokuwa umesimama wa dada, ila safari hii uzi ulikuwa mpya.

Kila fundi wa viti ana namna yake ya kufunga uzi. Dada yangu anamalizia kwa mishono mitatu inayotawanyika. Sisi tunaita mguu wa kuku. Amefanya hivyo tangu anajifunza, hata nguo zetu za ndani zina mguu wa kuku.

Marashi alinitazama kupitia kioo cha ndani.

"Mzee mmoja, eh? Mbali kidogo?"

Gundi ilikuwa inanidondokea usoni.

Na pale pale, nyuma ya ukuta, cherehani ikaanza kunguruma.

Alitoka akitabasamu. Akaokota spana ya magurudumu kwenye meza. Mjomba alikuwa anakuja na kikombe cha chai, akasema tu "Karibu mz..." Spana ikamkuta juu ya sikio. Kikombe kikaenda huku, mjomba akaenda kule.

Nilijaribu kutoka. Kiti cha mbele kimesimama, mlango uko mbele, mimi nimo kwenye tundu. Nilinyoosha mkono pembeni ya kiti cha abiria kutafuta kishikio cha kukikunja, vidole vina gundi, vinateleza. Nikaisikia cherehani inanyamaza. Nikasikia kitu kizito kinaanguka. Nikasikia dada yangu akitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyekanyagwa.

Akaja naye akimburuta kwa nywele.

Alikikunja kiti cha abiria kwa mguu, akamtupa juu yangu, akakirudisha. *Ka!* Kikajifunga.

"Wawili kwa mpigo. Leo nina nyota."

Gari likaondoka na mlango wa geti. Naam, aliuvunja, hakusubiri.

Tulikuwa tunateremka ule mteremko wa kwenda barabara kubwa. Spana iko mapajani kwake. Anaongea kwa ile ile sauti ya kubembeleza.

"Mke wangu, umenenepa. Nimekutafuta mpaka viatu vimeisha soli. Na huyu ndiye mdogo wako uliyekuwa unanisimulia? Mwongo kama wewe."

Nilikuwa na mkasi wa kitambaa. Nilimchoma begani kwa nguvu zangu zote. Ukaingia. Hakupiga hata kelele, alinirudishia kiwiko, mdomo wangu ukapasuka, nikaona nyota za mchana.

"Umeona?" akamwambia dada. "Sasa nyuma hakuna mlango. Hakuna kitasa. Hata malaika akija, atagonga wapi?"

Dada aliniinamia sikioni. Damu ya kichwa chake inanidondokea shingoni. Lakini sauti yake, wallahi, ilikuwa kavu kama ya mtu anayenituma dukani.

"Mdogo wangu, inua miguu. Weka nyayo mgongoni mwa kiti chake."

Nikainua.

"Nikisema sukuma, sukuma kama unazaa."

Mkono wake ukaingia kwenye mshono wa nyuma wa kiti cha dereva, chini ya kile kimfuko cha mgongoni. Ukazama hadi kiwiko. Sikuelewa anatafuta nini.

Mbele yetu lori la mchanga lilikuwa linageuza, limeziba njia. Marashi akakanyaga breki, sote tukarushwa mbele.

"Sukuma!"

Akavuta kitu. Nikasikia *ka!* ile ile ya kiti kujifungua.

Tukasukuma. Kiti cha dereva kikakunjika na yeye ndani yake, kama mtu anayefunga sanduku. Kifua chake kikaenda kwenye usukani, uso ukafuata. Honi ikalia, haikunyamaza. Gari likaingia chini ya tako la lori, boneti ikafumuka, kioo kikatunyeshea.

Hata baada ya gari kusimama, miguu yangu iliendelea kusukuma. Dada ndiye aliyenishika goti. "Basi. Basi, mama. Inatosha."

Akanyoosha mkono nyuma ya kiti cha abiria, akavuta kamba nyingine. Kikakunjika. Tukatokea upande ule, mimi kwanza, yeye nyuma yangu.

Alikuwa ameweka kamba mbili, kila kiti na yake, za kukifungulia kutoka nyuma.

Marashi hakufa. Mlango wake mrefu ulikuwa umejikunja bawaba, haufunguki ndani wala nje. Tulimsikia kupitia honi.

"Nifungulieni! Nakufa! Nifungulieni!"

Watu walishajaa. Mmoja ana jiwe, mwingine keshataja petroli. Ndipo mjomba akafika anakimbia, shati lote jekundu, mtaimbo kwenye mkono wake mzima. Watu wakampisha, wakijua anakwenda kummaliza.

Aliinama dirishani. Akamtazama. Mdomo wa Marashi ulikuwa kama nyama ya kusaga.

"Mzee, si ulisema unabana vizuri sana?"

Wenye mawe wakacheka. Kicheko kikapunguza mawe. Mjomba akageuka, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango na mtaimbo wake.

"Hakuna wa kumchoma. Mimi ni fundi bodi, si mnyongaji. Polisi wakifika ndiyo namfungua."

Wakafika, akaufumua mlango mbele yao. Safari hii kulikuwa na spana yenye damu, vichwa viwili vilivyopasuka na mtaa mzima wa mashahidi. Hakuna aliyesema yamalizeni ndani.

Tuliposhonwa nyuzi zetu, mimi na dada tulikaa kwenye benchi la hospitali.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ulipoleta siti. Zile siti nilizishona mimi, ndiyo kazi iliyonikutanisha naye. Mkono wangu nisiujue?"

"Mbona hukusema!"

"Wewe mbona hukusema?"

Tukatazamana. Nikacheka, nyuzi za mdomo zikaniuma, nikalia.

"Kwa hiyo ulimtega."

Akatikisa kichwa. "Kamba sikuiweka kwa ajili yangu. Mimi nilijua gari lile sipandi tena maishani. Niliweka kwa ajili ya atakayefuata."

"Angejuaje kama kuna kamba?"

"Aliyekaa nyuma akiogopa, hupapasa. Mimi nilipapasa gari zima siku ile. Nikashonea pale mkono unapofika." Akatazama vidole vyake. "Ule mguu wa kuku sasa... ule ni mkono tu. Nilikuwa nakazana na kamba, akili haipo, mkono ukafunga uzi kama ulivyozoea. Ulitaka kutuua."

Niliporudi gereji nilitoa lile kopo la puti. Nikamletea kitambaa, nikakifungua mbele yake kama zawadi.

"Jino lako, dada. Lilikuwa ndani ya mlango. Nililificha."

Alilitazama muda mrefu. Ulimi wake nikauona unasogea shavuni, unaenda penye pengo.

"Hili si langu."

"Si lako vipi? Si uliruka mlango ule?"

"Langu nililimeza, mdogo wangu. Nalikumbuka lilivyopita kooni."

Ndipo maneno ya Marashi yakanirudia.

Juzi juzi, alisema. *Juzi juzi hapa mzigo ulinidondokea.* Na dada alikuwa kwetu tangu mvua za msimu uliopita. Mimi nilichukulia kuwa anasema ovyo, kumbe siku ile ndiyo siku pekee aliyosema kweli.

Jino lile sasa liko polisi, kwenye kimfuko, halina jina. Marashi yuko ndani, kafungwa kwa yetu sisi. La jino akiulizwa anatabasamu kwa ufizi, anasema ni la mbuzi.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, hasa dada zangu, mimi sina mafunzo mengi. Nina hili la gereji. Kabla hujapanda gari la mtu, au nyumba yake, au maisha yake, tazama wewe utatokea wapi. Asikuambie mlango wa mbele unatosha kwa wote wawili. Na ukiwa fundi, ukilazimishwa kumziba mtu njia, mshonee kamba pale mkono unapofika.

Na wewe mmoja. Kama umefika hapa, na ulimi wako umekimbilia penye pengo la jino, tafadhali niandikie. Huna haja ya kutaja jina wala mahali. Sema tu upo.

Yule mtu alisema uliinuka ukakimbia. Katika yote yaliyotoka mdomoni mwake, hilo moja tu ndilo ninaloomba Mungu liwe kweli.